Nchi Jirani: Kenya na Karatasi Mbili za Hisabati

Nchini Kenya mwezi wa Novemba ni mwezi wa mtihani. Vijana wanaomaliza Kidato cha Nne, ambao idadi yao katika miaka ya karibuni imekaribia milioni moja, huketi madawatini kufanya mtihani wa hati ya elimu ya sekondari, unaojulikana na watu wote kwa herufi zake za KCSE. Miongoni mwa masomo yanayotahiniwa hapana linalotia hofu kama Hisabati. Mwanafunzi hodari wa lugha, historia au hata biolojia aweza kuimaliza miaka minne akiwa na moyo mkunjufu, lakini siku ya Hisabati ikikaribia usingizi humruka.

Safari hii hofu hiyo imepata sababu nyingine. Vijana walioingia Kidato cha Kwanza mwezi Januari 2024 ndio wa mwisho kuufuata mfumo wa elimu ulioanzishwa mwaka 1985, ule wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Mtihani wao umepangwa kufanywa mwaka 2027. Mwaka 2025 shule za sekondari za Kenya hazikupokea Kidato cha Kwanza kabisa. Maana yake ni kwamba nyuma ya vijana hao hapana darasa jingine linalofuata. Zamani mtoto aliyeanguka aliweza kurudi nyuma mwaka mmoja, akakaa na wadogo zake, akajaribu tena. Wa kundi la mwisho hana wadogo wa kukaa nao.

Yafaa basi kuutazama mtihani huo kwa makini, tena kwa jicho la jirani ambaye naye nyumbani kwake moto haujazimika. Nchini Tanzania, katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja kati ya kila watano; mwaka 2023 wakafika kama robo. Kenya nayo, kwa miaka mingi ya mfumo wake wa 8-4-4, wastani wa taifa katika somo hilo haukufikia alama 30 kwa 100. Mifumo ni miwili na vitabu ni tofauti, lakini matokeo yanafanana kama mapacha.

Kufanana huko si jambo la ajabu kwa anayekumbuka historia. Kabla ya uhuru na miaka michache baadaye, vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda walifanya mtihani mmoja uliotungwa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971 na kuunda Baraza lake kwa sheria ya mwaka 1973. Kenya ikaunda lake mwaka 1980, na Uganda ikafuata mwaka 1983. Kila nchi ikachukua njia yake, lakini kila moja ilibeba mzigo ule ule mgongoni: imani kwamba Hisabati ni ya wachache waliojaliwa, na kwamba kazi ya mtihani ni kuwachuja wachache hao kutoka kwa wengi.

Katika miaka ile ya 1960 palikuwa pia na jaribio la kuigeuza Hisabati yenyewe. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya kile kilichoitwa Hisabati mpya. Watoto wakafundishwa seti na mpangilio wa namba kabla ya kuzoea kuzidisha. Nia ilikuwa njema, yaani mtoto aelewe badala ya kukariri. Lakini walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha, na wazazi wakashangaa kuona mtoto anachora miviringo ya seti ilhali kurudisha chenji ya dukani kunamshinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya iliiacha Hisabati hiyo. Wako wanaosema kwamba iliyoachwa ilikuwa nzuri na iliyorudishwa ilikuwa rahisi kwa mwalimu tu. Hoja hiyo ina uzito wake, ingawa mtaala usioeleweka na anayeufundisha hauwezi kumfaa anayefundishwa.

Mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Katika umbo ulilokuja kuwa nalo, Hisabati ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Kila karatasi ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina maswali mafupi 16, yote ya lazima, yenye jumla ya alama 50. Sehemu ya pili ina maswali marefu manane, ambayo mtahiniwa huchagua matano, kila moja likiwa na alama 10. Majibu huandikwa ndani ya kijitabu kile kile cha maswali, katika nafasi iliyoachwa chini ya kila swali.

Hesabu ya kwanza ya mtihani wa Hisabati, basi, ni hesabu ya saa. Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama tatu halistahili zaidi ya dakika nne na nusu. Swali refu halistahili zaidi ya robo saa. Mwalimu yeyote aliyepata kusimamia mtihani amewaona vijana wenye akili nzuri waliong'ang'ania swali moja la alama tatu kwa nusu saa, kwa kiburi cha kutoshindwa, huku maswali mepesi yakiwasubiri kurasa za mbele. Kulipita swali na kulirudia baadaye ni jambo la kufundishwa kama linavyofundishwa jambo jingine lolote, na darasani halifundishwi mara nyingi.

Lipo jambo la pili, ambalo wazazi wengi hawalijui. Karatasi ya kwanza hutungwa hasa kutokana na mada za Kidato cha Kwanza na cha Pili. Ya pili hasa kutokana na za Kidato cha Tatu na cha Nne. Hivyo nusu ya mtihani ni mambo ambayo mtoto alifundishwa alipokuwa bado mgeni shuleni, miaka miwili au mitatu nyuma: sehemu na desimali, vipimo, milinganyo rahisi, pembe, kuchora kwa rula na bikari. Mwanafunzi anayeanza kujiandaa Kidato cha Nne huwa amekwisha kuiacha nusu ya shamba likamea magugu. Aghalabu yeye na wazazi wake hukimbilia mambo makubwa ya karatasi ya pili, kama vile vekta, uwezekano, longitudo na latitudo, majedwali ya kodi ya mapato, na kalkulasi. Wakasahau kwamba alama za kufungua bikari na kugawa pembe vizuri hazina upungufu wowote mbele ya alama za kalkulasi.

Na jambo la tatu limeandikwa wazi juu ya jalada la karatasi yenyewe, katika maelekezo ambayo watahiniwa wengi huyapita bila kuyasoma. Maelekezo hayo humtaka mtahiniwa aonyeshe hatua zote za hesabu yake, na humwarifu kwamba alama zaweza kutolewa kwa kazi iliyo sahihi hata kama jibu la mwisho si sahihi. Hapa ndipo penye kiini cha maandalizi yote, na inafaa kupaeleza kwa mfano.

Tuseme redio inauzwa shilingi 12,000 kwa fedha taslimu. Asiyekuwa na fedha zote anaruhusiwa kutanguliza asilimia 20 ya bei hiyo, kisha alipe shilingi 1,000 kila mwezi kwa miezi 12. Mtahiniwa anaulizwa: huyu wa mkopo amelipa zaidi ya yule wa taslimu kwa asilimia ngapi? Mwanafunzi aliyeandaliwa ataandika kwamba kitangulizi ni shilingi 2,400; kwamba malipo ya miezi 12 ni shilingi 12,000; kwamba jumla yake ni shilingi 14,400; kwamba ziada ni shilingi 2,400; na kwamba ziada hiyo ni asilimia 20 ya bei ya taslimu. Mistari mitano, na alama zote ni zake.

Mwenziwe kwa haraka amejumlisha vibaya, akapata 14,200. Lakini mistari yake yote ipo. Msahihishaji anaona kitangulizi, anaona malipo ya miezi, anaona ziada ya 2,200 imegawanywa kwa 12,000, anaona jibu la asilimia 18 na kitu. Huyu amepoteza alama ya jibu. Alama za njia anazo. Wa tatu, ambaye pengine ni mwerevu kuwashinda hao wawili, amefanya hesabu yote kichwani na kwenye kikokotoo, akateleza pale pale alipoteleza mwenziwe, akaandika jibu tupu la 18.3. Msahihishaji hana cha kumpa. Hawezi kuziona fikira za mtu, anaona karatasi tu. (Wauzaji wa bidhaa za mkopo, kwa bahati mbaya, huijua hesabu hii vizuri kuliko wanunuzi wao, na hakuna aliyewatahini.)

Tofauti baina ya yule wa pili na yule wa tatu si ya akili. Ni ya mazoea, na mazoea hayajengwi kwa wiki tatu za mwisho. Hujengwa na mwalimu anayesahihisha madaftari mstari kwa mstari. Sasa mwalimu mwenye madarasa manne ya wanafunzi sitini sitini ana madaftari 240. Akilipa kila daftari dakika tatu tu, atahitaji saa 12 kwa zoezi moja. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini walimu wengi huandika majibu ubaoni, wakawaambia watoto wajisahihishe wenyewe. Mtoto hutazama jibu lake, hutazama ubao, huweka alama ya vema au ya kosa, na njia yake hubaki haijaguswa na mtu. Ukosefu wa walimu wa Hisabati, ambao Kenya na Tanzania zote zinaukiri, si ukosefu wa mtu wa kusimama mbele ya darasa tu. Ni ukosefu wa jicho la kuipitia kazi ya mtoto.

Pengo hilo lisipozibwa kwa njia ya halali huzibwa kwa nyingine. Kwanza yakaja masomo ya ziada wakati wa likizo, yaliyolipiwa na wazazi. Mwenye fedha akafundishwa mara mbili. Asiyekuwa nazo akabaki na lile alilolikosa darasani. Kenya iliyapiga marufuku masomo ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Sheria ilikuwa ya haki, ingawa kupiga marufuku masomo ya likizo bila kuongeza walimu wa muhula ni sawa na kuondoa gongo kabla mguu haujapona.

Pamoja na hayo ukaja utaratibu wa kujiandaa kwa karatasi za miaka iliyopita. Jambo hili lina sura mbili, na si haki kulilaani lote. Karatasi ya zamani ikifanywa kwa saa iliyopimwa, ikasahihishwa kwa haki, kisha kila kosa likafuatwa hadi kwenye mada yake, haina mfano katika kumwandaa mtoto. Humwonyesha lugha ya watunga mtihani, humzoesha mwendo wa saa, humfunulia udhaifu wake mwenyewe. Lakini shule nyingi zilizigeuza karatasi hizo kuwa utabiri. Swali lililotoka mwaka juzi, ikadhaniwa, halitatoka mwaka huu. Mada ambayo haijaonekana miaka miwili, bila shaka itaonekana. Watoto wakakaririshwa majibu ya maswali yanayotarajiwa. Naye mtunga mtihani akibadili namba mbili na jina la mji, aliyekariri huwa kama msafiri aliyehifadhi njia kwa kuhesabu miembe, akakuta miembe imekatwa.

Na aliyezoea kutabiri yuko hatua moja tu kutoka kwa aliye tayari kununua. Mwaka 2015 Kenya ilifika hapo. Karatasi za mtihani zilivuja na kusambaa kwa simu za mkononi, na matokeo yalipotangazwa mwezi Machi 2016, yale ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa udanganyifu. Mwezi huo huo Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dokta Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani, na Profesa George Magoha akateuliwa kuongoza bodi mpya. Karatasi zikawekwa ndani ya makontena ya chuma yenye ulinzi wa polisi, na wakuu wa shule wakaagizwa kwenda kuzichukua wenyewe asubuhi ya kila siku ya mtihani. Ziara za wazazi na sala za pamoja za kuwaombea watahiniwa katika muhula wa tatu zikasimamishwa, kwa kuwa ilishukiwa kwamba si kila kilichoingia shuleni siku hizo kilikuwa dua.

Matokeo ya mwaka huo yaliishtua nchi. Mwaka 2015 waliopata daraja la juu kabisa la A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Wapo waliolalamika kwamba usahihishaji ulikazwa mno na kwamba kizazi kizima kiliadhibiwa kwa dhambi za watu wazima. Malalamiko hayo hayakukosa msingi, maana kijana aliyeanguka mwaka 2016 alishindanishwa maishani na kijana aliyeinuliwa mwaka 2015. Hata hivyo tarakimu hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega zinasema jambo ambalo hakuna hotuba ingelisema vizuri zaidi. Kwa muda usiojulikana, taifa lilikuwa likipanga wahandisi, madaktari na walimu wake kwa karatasi ambazo haliwezi kuziapia. Na walioumia zaidi si Baraza wala Wizara. Walioumia ni watoto wa shule za mbali, waliokesha kwa taa ya chemli juu ya milinganyo na majedwali ya logi, wakafanya mtihani kwa nguvu zao, kisha wakapimwa katika mizani moja na walionunua majibu.

Kenya haikukaa kimya wakati wote huo. Mwaka 1998, kwa msaada wa shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, JICA, ilianza katika wilaya tisa mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na sayansi katika sekondari, uliojulikana kwa jina la SMASSE. Mwaka 2003 ukapanuliwa kwa nchi nzima, na kituo chake kikuu kikawa Karen, Nairobi. Shabaha yake haikuwa kumwongezea mwalimu Hisabati, bali kumbadili namna ya kufundisha: apunguze kuzungumza, wanafunzi waongeze kutenda, na pasipo na vifaa, abuni kwa vilivyopo. Asiye na tufe la dunia achukue chungwa, alichore mistari kwa kalamu, alikate, na latitudo itaeleweka kabla ya kengele. Walimu wa nchi nyingine za Afrika walikwenda Kenya kujifunza utaratibu huo.

Ikiwa alama za taifa hazikupanda kwa kasi iliyotazamiwa, sababu haiko mbali. Mwalimu aliyerudi kutoka mafunzoni na chungwa lake alilikuta darasa lile lile la watoto sitini, na mkuu wa shule yule yule anayeuliza silabasi itakwisha lini ili karatasi za majaribio zianze. Mtihani ulipobaki ulivyokuwa, ulikuwa na nguvu kuliko semina. Mwalimu Julius Nyerere aliwahi kuonya katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, juu ya shule zinazotawaliwa na mitihani. Onyo hilo lilielekezwa kwa Watanzania, lakini halikuwa na mpaka.

Lipo pia suala la lugha, ambalo katika nchi hizi mbili lina sura tofauti. Mtoto wa Kenya hufundishwa Hisabati kwa Kiingereza tangu madarasa ya kati ya shule ya msingi. Mtoto wa shule ya serikali nchini Tanzania huisoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, akaijua KDS kuwa ni kigawe kidogo cha shirika na KKS kuwa ni kigawo kikubwa cha shirika, kisha akiingia sekondari hukuta kila kitu kimebadilishwa jina kwa siku moja. Lingekuwa ni jambo la lugha peke yake, mtoto wa Kenya angemwacha mbali sana mwenziwe wa Tanzania. Hakumwacha. Maswali ya maneno, ambayo ni lazima yasomwe, yaeleweke na kugeuzwa kuwa mlinganyo, huwatesa wote wawili. Hii haimaanishi kwamba lugha si kitu. Yaonyesha kwamba kumpa mtoto lugha ya Kiingereza mapema si sawa na kumpa lugha ya Hisabati. Anayesoma kwamba baba ana umri mara tatu ya ule wa mwanawe, na asijue aanze na nani kumpa herufi, hakukosa msamiati. Amekosa mtu wa kumkalisha chini na kumwuliza: katika habari hii, kisichojulikana ni kipi?

Mfumo mpya wa Kenya, unaojali umahiri zaidi kuliko kukariri, uliahidi kuanzia hapo. Mtihani wa mwisho wa kumaliza darasa la nane ulifanywa mwaka 2023. Katika utaratibu mpya mwanafunzi wa Gredi ya 9 hapimwi kwa siku moja tu: asilimia 20 ya alama zake hutokana na tathmini ya mwisho wa shule ya msingi, asilimia 20 hutokana na kazi zilizopimwa shuleni mwake, na asilimia 60 hutokana na mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9. Kundi la kwanza lilifanya mtihani huo mwaka 2025, ili liingie sekondari ya juu mwezi Januari 2026, katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala mkali. Katika mpango uliotangazwa mwanzo, Hisabati haikuwamo katika masomo ya lazima ya sekondari ya juu. Mwanafunzi wa sanaa au wa sayansi za jamii angeweza kuiaga akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Waliounga mkono walisema: kwa nini kumlazimisha mchoraji au mwanariadha kubeba somo ambalo kwa miaka mingi limewaangusha wengi? Waliopinga, wakiwamo walimu na watu wa vyuo vikuu, walijibu kwamba mtoto wa umri huo hajui atakuwa nani kesho, na kwamba mlango ukifungwa akiwa na miaka kumi na mitano si rahisi kuufungua akiwa na ishirini. Mwezi Aprili 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza kwamba Hisabati itakuwa ya lazima katika mikondo yote, lakini kwa namna mbili: ile ya kina kwa wanafunzi wa mkondo wa sayansi, na ile ya msingi, yenye mambo ya matumizi, kwa wengine.

Uamuzi huo ni wa busara, na serikali iliyousikiliza umma kabla ya kuchelewa yastahili sifa. Lakini Kenya iliwahi kulijaribu jambo linalofanana na hilo. Ndani ya KCSE paliwekwa mtihani wa pili wa Hisabati, mwepesi kuliko ule wa kawaida, kwa ajili ya wanafunzi wasioelekea kwenye sayansi. Ni wachache mno walioufanya. Shule hazikutaka kuonekana kuwa ni shule za Hisabati ndogo, na wazazi waliogopa kwamba hati yenye somo hilo ingedharauliwa na waajiri na vyuo. Hata mwaka 2023, masharti ya kukokotoa daraja la jumla yalipolegezwa ili mwanafunzi ahesabiwe lugha moja badala ya mbili, Hisabati ilibaki pale pale.

Kwa hiyo Hisabati hiyo ya msingi itasimama au itaanguka kwa jinsi vyuo, majeshi, mabenki na waajiri watakavyoipokea, na kwa jinsi itakavyofundishwa. Ikipewa walimu waliobaki baada ya mkondo wa sayansi kuchukua walio bora, watoto watalitambua jambo hilo katika wiki ya kwanza, maana mtoto hujua upesi sana ni darasa gani limetupwa. Ikipewa mwalimu anayejua kwamba kodi, riba, bei ya mbolea kwa ekari na kusoma jedwali la takwimu ni Hisabati kamili, huenda wengi waliokuwa wakiangushwa wakasimama.

Kwa sasa mzigo uko mabegani mwa walimu wale wale. Katika mwaka wa 2026 shule ya sekondari ya Kenya ina Gredi ya 10 ya mfumo mpya upande mmoja, na Kidato cha Tatu na cha Nne cha mfumo wa zamani upande wa pili. Mwalimu mmoja wa Hisabati hutoka katika darasa moja na kitabu hiki, akaingia katika jingine na kitabu kile, na jioni madaftari ya pande zote mbili humsubiri mezani. Kundi la Kidato cha Tatu ndilo lile la mwisho. Bado lina muda wa kurudia mada za Kidato cha Kwanza na cha Pili, ambazo ndizo karatasi ya kwanza. Wadogo zao wa Gredi ya 10 watafanya mtihani wao wa kumaliza sekondari mwaka 2028, mwaka mmoja baada ya kijitabu cha mwisho cha KCSE kukusanywa.